Marekani: Huko Orlando parki za burudani ni majirani, lakini njia kati yao ni ya kutafuta

Kutoka parki za Disney hadi parki za Universal, huko Orlando katika jimbo la Florida, gari dogo linatumia karibu nusu saa kama barabara haijajaa. Kwa basi la umma, safari hiyo hiyo inaweza kumaliza saa moja na nusu, hata mawili, pamoja na kushuka, kungoja na kupanda tena. Disney ina mamia ya mabasi yake, lakini hakuna hata moja linalokwenda Universal. Universal nayo ina mabasi yake, na hakuna hata moja linalokwenda Disney.

Mgeni anayetua Orlando kwa mara ya kwanza hushangaa. Amenunua tiketi za pande zote mbili, ameona kwenye ramani kwamba parki zote zimefuatana kandokando ya barabara kubwa moja, akafikiri kuhama kutoka moja hadi nyingine ni jambo dogo. Kisha anafika kwenye kituo cha mabasi cha Disney, anasoma vibao vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na jina la jirani halimo.

Jambo hilo haliwagusi watalii peke yao. Disney inaajiri watu zaidi ya 70,000 pahali pale pamoja, na hakuna kampuni nyingine Marekani yenye wafanyakazi wengi hivyo katika eneo moja. Watu hao hawalali kwenye hoteli za parki. Kila siku wanatoka nyumbani na kurudi, na wale wasio na gari wanategemea mabasi ya umma ambayo kwa miaka mingi yamekosa pesa. Kituo kinapowekwa ama kinapokosekana, kuna mtu anayelala masaa mawili zaidi na kuna mwingine anayeyapoteza njiani.

Kwa msomaji wa Kivu, neno parki linaleta kwanza Virunga ama Kahuzi-Biega, sokwe na misitu. Parki za Orlando ni kitu kingine: viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya burudani, vyenye mashine za kurusha watu juu, maonyesho, nyumba za hadithi na mikahawa, na mlango ambao haupitiki bila tiketi. Kusini-magharibi mwa mji kuna Walt Disney World yenye parki nne kubwa. Ukifuata barabara ya I-4 kuelekea katikati ya mji unakutana na SeaWorld, iliyofunguliwa Desemba 1973, kisha Epic Universe, parki mpya ya Universal iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2025, kisha parki mbili za zamani za Universal. Katikati yao kunapita International Drive, barabara ya hoteli, maduka na mikahawa. Mwaka 2023 eneo la Orlando lilipokea wageni karibu milioni 74, na wengi wao walipita kwenye lami hiyo hiyo.

Ndani ya uzio, usafiri ni wa kusifiwa

Ajabu ya Orlando ni kwamba ndani ya ardhi ya Disney, usafiri wa pamoja ni mzuri kuliko ule wa miji mingi mikubwa ya Marekani. Eneo lenyewe lina karibu kilomita mraba 100, yaani ni kubwa kuliko mji mzima wa Bukavu. Walt Disney alinunua ardhi hiyo kimyakimya katikati ya miaka ya 1960, kwa kutumia majina ya kampuni nyingine ili wenye mashamba wasipandishe bei. Alikuwa na ndoto ya kujenga humo mji ambao magari yangepita chini ya ardhi, huku watu wakisafiri juu kwa treni ndogo za umeme. Alikufa Desemba 1966, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mji huo haukujengwa kamwe. Kilichobaki ni jina lake, Epcot, lililopewa parki iliyofunguliwa mwaka 1982, pamoja na ile monoreli, treni inayopita juu ya reli moja ya saruji.

Mwaka 1967 bunge la Florida liliipa Disney wilaya yake ya pekee, Reedy Creek, yenye uwezo wa kutengeneza barabara, kusimamia maji na kutoa vibali vya ujenzi. Serikali ya jimbo iliibadilisha wilaya hiyo mwaka 2023, baada ya ugomvi mkali kati ya Disney na liwali Ron DeSantis, na sasa liwali ndiye anayeteua wasimamizi wake. Lakini kwa zaidi ya nusu karne kampuni ilipanga yenyewe wapi barabara ipite na wapi kituo kikae, na hilo linaonekana mpaka leo.

Mfano mzuri ni Magic Kingdom, parki ya kwanza, iliyofungua milango tarehe 1 Oktoba 1971. Anayekuja na gari lake haegeshi mbele ya mlango. Anaegesha ng'ambo ya ziwa lililochimbwa na watu, kwenye kituo kikubwa kinachoitwa Transportation and Ticket Center, kisha anachagua: feri ya kuvuka ziwa ama monoreli ya kulizunguka. Wengine wanalalamika kwamba wameshafika lakini bado hawajafika. Ndiyo nia ya waliokipanga: mtu aache gari na kelele za barabara nyuma yake, avuke maji, aone jumba la hadithi likikaribia polepole. Kituo hicho hicho ndicho kinachounganisha Magic Kingdom na Epcot. Abiria anashuka kwenye monoreli moja, anateremka ngazi na kupanda nyingine. Reli zote pamoja zina urefu wa zaidi ya kilomita 23, na abiria halipi senti hata moja. Kituo hicho kina pia kumbukumbu chungu: Julai 2009 treni mbili ziligongana hapo usiku, na dereva kijana wa miaka 21 akafa.

Kati ya Epcot na Hollywood Studios ujirani ni wa kweli. Epcot ina mlango wa pili upande wa nyuma, na ukitoka hapo unaweza kufuata njia ya miguu kandokando ya mfereji na kufika Hollywood Studios kwa dakika 20 hadi 25. Anayechoka anapanda boti. Tangu tarehe 29 Septemba 2019 kuna chaguo la tatu, Skyliner, vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya na kupita juu ya miti na barabara. Wiki ya kwanza haikwisha vizuri. Tarehe 5 Oktoba 2019 vyumba hivyo vilikwama usiku, na watu wakakaa angani kwa masaa kabla ya kuteremshwa. Sasa ni mojawapo ya njia zinazopendwa zaidi, na mstari wake asubuhi ni mrefu.

Parki ya nne, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, haina lolote kati ya hayo. Haina monoreli, haina boti, haina waya. Anayetaka kufika huko anapanda basi ama anaendesha gari. Iko mbali na nyingine, na parki iliyo mbali hupata basi tu.

Juu ya usafiri kuna jambo lingine ambalo wageni husahau: tiketi. Basi kati ya parki mbili za Disney ni la bure, lakini kuingia parki ya pili siku hiyo hiyo kunahitaji tiketi ya bei ya juu zaidi. Baada ya kufungwa kwa sababu ya Covid, kuanzia Januari 2021 mwenye tiketi hiyo alilazimika kungoja hadi saa nane mchana ndipo avuke kwenda parki nyingine. Katazo hilo liliondolewa tarehe 9 Januari 2024. Muda wote huo mabasi yalikuwa yakitembea. Kilichokuwa kimefungwa ni mlango.

Treni inayouza tiketi

Universal inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Parki zake mbili za zamani, Universal Studios Florida ya mwaka 1990 na Islands of Adventure ya mwaka 1999, ni majirani wa kushikana mikono. Unatoka mlango wa moja, unapita kwenye uwanja wa mikahawa na maduka unaoitwa CityWalk, na baada ya dakika chache za kutembea uko mbele ya mlango wa nyingine. Hakuna aliyehitaji treni hapo.

Hata hivyo tarehe 8 Julai 2014 Universal ilifungua treni kati ya parki hizo mbili, Hogwarts Express, iliyochukuliwa kwenye hadithi za Harry Potter. Kituo kimoja kiko ndani ya parki ya kwanza, kimejengwa mfano wa King's Cross ya London. Kituo cha pili kiko ndani ya parki nyingine, kwenye kijiji cha Hogsmeade. Madirisha ya treni ni skrini: abiria haoni nyuma ya majengo ya Orlando bali milima ya Scotland na mambo ya hadithi, na picha za kwenda si zile za kurudi. Treni yenyewe inavutwa na kamba ya chuma, moja ikienda na nyingine ikija, zikipishana katikati.

Mwenye tiketi ya parki moja haruhusiwi kupanda. Sababu ni ya wazi, kwa kuwa treni inamshusha ndani ya parki ya pili. Lakini watoto wanaijua hadithi, wameiona treni kwenye picha, na mzazi aliyenunua tiketi ya bei ya chini anarudi dirishani kuongeza pesa. Kama chombo cha usafiri, treni hiyo inamwokolea mtu dakika chache tu za kutembea. Kama biashara, ni mojawapo ya hesabu bora zilizopigwa katika mji huo.

Epic Universe imeleta tatizo jipya kwa Universal yenyewe. Parki hiyo haiko karibu na zile mbili za zamani. Iko kilomita kadhaa kusini, karibu na jengo kubwa la mikutano la wilaya ya Orange, na hakuna anayeweza kutembea kwa miguu kati yake na nyingine kwa raha. Kwa hiyo ilibidi barabara ya Kirkman irefushwe kuelekea kusini, ikiwa na njia za pekee kwa ajili ya mabasi. Desemba 2019 viongozi wa wilaya ya Orange walikubali kutoa dola milioni 125 za pesa ya umma kwa kazi hiyo. Waliounga mkono walisema barabara itapunguza msongamano na kuleta kazi. Waliopinga waliuliza kwa nini wilaya ilipie njia ya kampuni tajiri huku mabasi ya wakaaji yakichelewa. Barabara ilijengwa, mabasi ya wageni yanapita.

Nje ya uzio, basi nambari 50

Ukitoka nje ya ardhi ya kampuni, hali inabadilika mara moja. Usafiri wa umma uko mikononi mwa Lynx, shirika linalohudumia wilaya tatu: Orange, Osceola na Seminole. Tiketi ya safari moja ni dola 2. Basi nambari 50 linaunganisha katikati ya mji na Disney, likipitia upande wa SeaWorld. Basi nambari 8 linafuata International Drive. Kwenye barabara hiyo ya hoteli kuna pia I-Ride, mabasi madogo yenye sura ya tramu za zamani yaliyoanza mwaka 1997, ambayo watalii wanayapenda kwa sababu yanasimama karibu na kila hoteli. Yanaishia upande huo. Disney hayafiki.

Anayetaka kutoka Disney kwenda Universal bila gari, basi, anaunganisha vipande: basi la Disney hadi kituo chenye basi la Lynx, basi la Lynx hadi eneo la International Drive, kisha basi lingine. Likikosekana moja, anasubiri lifuatalo juani. Wengi wanashindwa mapema na kuita Uber. Wenye pesa wanalipa bila kuhesabu, na wenye watoto watatu ama wanne wanahesabu.

Treni ya wakaaji ipo, inaitwa SunRail. Ilianza Mei 2014, ikarefushwa upande wa kusini mwaka 2018 na upande wa kaskazini Agosti 2024. Inafuata reli ya zamani iliyokuwa ya mizigo, na reli hiyo ilipita hapo kabla ya parki kuwepo. Kwa hiyo haifiki Disney, haifiki Universal, haifiki SeaWorld, haifiki hata uwanja wa ndege. Na haitembei Jumamosi wala Jumapili. Katika mji unaoishi kwa burudani, treni inapumzika siku ambazo burudani ina kazi nyingi kuliko zote.

Wageni wa hoteli za Disney walikuwa angalau na basi la bure kutoka uwanja wa ndege, lililoanza mwaka 2005. Disney ililisimamisha mwanzoni mwa 2022. Tangu hapo wanalipa kampuni binafsi ama wanakodi gari, na kila gari linalokodiwa linaingia I-4 pamoja na mengine.

Kwa wafanyakazi, hesabu ni nzito zaidi. Mwaka 2023 vyama vya wafanyakazi wa Disney vilipata makubaliano ya kufikisha mshahara wa chini kwenye dola 18 kwa saa kabla ya mwisho wa mwaka huo. Lakini kodi ya nyumba imepanda Orlando kama kwingine Florida. Wengi wanakaa mbali, upande wa Kissimmee, na kuna familia zinazoishi miezi na miaka katika vyumba vya hoteli za bei ndogo kandokando ya barabara ya 192, karibu sana na Disney hata fataki za usiku zinaonekana. Filamu ya Sean Baker, The Florida Project, ya mwaka 2017, ilionyesha maisha hayo kwa dunia nzima.

Barabara ya 192 ina njia nyingi za magari, mwendo wa kasi, na pahali pachache pa kuvuka. Kituo cha basi mara nyingi ni mti wa chuma na kibao, bila kivuli, ng'ambo ya lami pana. Mtu anayeshuka usiku baada ya kazi lazima avuke. Shirika la Smart Growth America, linalofuatilia vifo vya watembea kwa miguu, liliweka eneo la Orlando nafasi ya kwanza kwa hatari nchini kote katika ripoti zake za 2019 na 2021.

Habari hii ina upande wake kwa Wakongomani pia. Kwa miaka kadhaa, mpaka Marekani ilipokaribia kufunga kabisa mlango wa wakimbizi Januari 2025, Congo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko. Familia nyingi za Goma, Uvira na Bukavu zina ndugu katika miji ya Marekani ambamo kazi iko kilomita 30 kutoka nyumbani na basi linapita mara moja kwa saa. Sehemu ya mishahara yao ya mwanzo huingia kwenye gari la mitumba, bima na mafuta. Anayeletewa habari ya kazi nzuri katika hoteli ama parki ya huko, swali la mshahara ni la pili. La kwanza ni basi gani linafika, na la mwisho linaondoka saa ngapi.

Treni iliyokataliwa mara nyingi

Si kwamba Florida haijajaribu. Mwaka 2000 wapiga kura waliandika kwenye katiba ya jimbo kwamba treni ya kasi ijengwe. Mwaka 2004 wapiga kura hao hao waliifuta. Serikali ya Barack Obama ikaja na zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya treni kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi Tampa, yenye vituo kwenye jengo la mikutano na Disney. Februari 2011 liwali Rick Scott alizikataa, akisema walipa kodi wa jimbo wangebaki na deni kama gharama zingezidi.

Kampuni binafsi, Brightline, ndiyo iliyofikisha treni Orlando kutoka Miami, tarehe 22 Septemba 2023, kwenye uwanja wa ndege. Hatua iliyofuata ilikuwa kuendelea kuelekea Tampa. Novemba 2020 Brightline na Disney walitangaza makubaliano ya kujenga kituo Disney Springs, eneo la maduka la Disney. Habari ilipokelewa kwa shangwe. Kisha njia ikahamishwa. Viongozi wa wilaya, wafanyabiashara wa International Drive na Universal walitaka treni ipite karibu na jengo la mikutano, pahali penye hoteli nyingi na wafanyakazi wengi, na Universal ilikuwa tayari kutoa ardhi ya kituo karibu na Epic Universe. Mpango huo mpya ukaitwa Sunshine Corridor. Ungeunganisha pia SunRail na uwanja wa ndege.

Juni 2022 Disney ilijitoa. Ilisema njia mpya haiendani na kituo kwenye ardhi yake. Mtu yeyote anayeangalia ramani anaweza kuona jambo lingine: kwenye njia ya kwanza, abiria anayetoka uwanja wa ndege angeshukia Disney kabla ya pengine popote. Kwenye njia ya pili, kituo cha kwanza kingekuwa karibu na mlango wa mshindani. Biashara ni biashara, na hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kutengeneza njia inayopita kwanza mbele ya duka la jirani. Lakini walioachwa barabarani si wenye maduka.

Miezi mitano baadaye, Novemba 2022, meya wa wilaya ya Orange, Jerry Demings, aliomba wapiga kura wakubali kodi ya senti moja kwa kila dola ya manunuzi ili kulipia mabasi zaidi, treni na matengenezo ya barabara. Walikataa. Wengi walikuwa wameshabanwa na bei za vitu. Wengine waliuliza kwa nini watalii wasilipe.

Na hapo ndipo kuna kifungo ambacho wageni hawakijui. Watalii wanalipa tayari. Kila chumba cha hoteli katika wilaya ya Orange kinatozwa kodi ya asilimia 6, na miaka ya karibuni kodi hiyo imeleta zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Lakini sheria ya jimbo inaelekeza pesa hiyo kwenye mambo ya utalii: kutangaza mji, jengo la mikutano, viwanja vya michezo. Kuendesha mabasi ya kila siku ya wakaaji hakumo. Hivyo tangazo linalomwita mgeni Orlando linalipiwa na kodi hiyo, na basi linalomleta mpishi wake kazini linatafuta pesa kwingine.

Huko Paris walianza na reli

Disney yenyewe ilikubali mpango tofauti Ufaransa. Tarehe 24 Machi 1987, Jacques Chirac, waziri mkuu wa wakati huo, alitia sahihi makubaliano na kampuni hiyo. Serikali iliahidi kurefusha reli ya RER A hadi Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa Paris. Parki ilipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, treni ilikuwa imeshafika. Mwaka 1994 treni ya kasi, TGV, ikaongezwa kwenye kituo hicho hicho. Parki ya pili ilipojengwa, mwaka 2002, iliwekwa kando ya ya kwanza, na kituo kiko mbele ya zote mbili. Unapanda ngazi, unatoka nje, milango yote miwili iko dakika chache kwa miguu. Wakongomani wa Paris wanaijua safari hiyo vizuri. Mwaka 2025 tiketi ya treni kutoka pahali popote pa mkoa wa Paris iliwekwa bei moja, euro 2,50, na mpishi anapanda behewa moja na mtalii.

Ufaransa nayo haikumaliza kazi. Parc Astérix, parki ya Wafaransa wenyewe iliyofunguliwa mwaka 1989 kaskazini mwa Paris, ina mlango wake wa pekee kwenye barabara kuu ya A1 lakini haina kituo cha treni. Anayeishi Paris bila gari anachukua basi la pekee.

Huko Florida, Sunshine Corridor bado iko kwenye karatasi na mikutano. Njia ya mabasi ya wageni kwenye Kirkman inatumika kila siku. Disney inaendelea kuwabeba wageni wake bure kwa monoreli, boti, waya na basi, mpaka kwenye mpaka wa ardhi yake. Na mfanyakazi anayemaliza zamu Jumamosi usiku, fataki zikiwa zimekwisha na wageni wakirudi hotelini, anatafuta basi la mwisho la Lynx ama rafiki mwenye gari. SunRail itarudi Jumatatu asubuhi.